Binti yangu wa miaka 9 kaanza kuota matiti, mama yake yuko Muscat. Nani amwambie, na aambiwe nini?

#1 Baba wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo sijui nilipeleke wapi, nimeona nilimwage hapa.

Nina binti wa miaka 9 na miezi 7, yuko darasa la nne. Alhamisi karudi shule analia, kashika kifua. Walikuwa wanacheza rede, mpira ukampata. Nikampa pole, nikajua yameisha. Usiku kaja chumbani kwangu: "Baba, mimi nina jipu." Liko wapi? Kaonyesha kifuani, juu ya gauni. Upande mmoja tu, na likiguswa linauma. Mimi kichwani ikaja saratani moja kwa moja, sikulala. Asubuhi nikambeba mpaka zahanati. Nesi kamwangalia hata dakika haijaisha, kacheka, kaniambia, "Baba, hakuna jipu hapa, binti anakua." Kaita mgonjwa mwingine.

Tumetoka pale mtoto ananiuliza, "Nakua nini?" Nikamnunulia ubuyu.

Mama yake yuko Muscat kikazi, huu mwaka wa pili. Nimempigia, kasema nisimwambie mtoto chochote, atamwambia mwenyewe akija likizo mwezi wa tatu. Dada yangu wa Kisarawe naye kasikia, kashapanga Desemba anakuja kumchukua "akafundwe". Dada wa kazi ana miaka 18, nilipomwomba aongee naye kaziba uso na khanga.

Sasa naombeni: miaka 9 si mapema mno? Inasababishwa na nini? Na nani wa kumwambia, anaambiwa nini?

#2 Kijana wa Kona

Naweka kigoda hapa. Ngoja waje wenye mabinti.

#3 Mchumi wa Manzese

Jibu la swali lako liko kwenye sahani. Broila. Kuku anakuzwa wiki tano kwa sindano, mtoto anakula chipsi kuku, unategemea nini? Sisi tuliokulia dagaa na mlenda, dada zetu walivunja ungo na miaka 15, 16, wengine la saba wameshamaliza. Mkatie kuku wa kisasa uone kama hilo jipu halirudi ndani.

#4 Daktari wa Kuku

Mchumi, mimi ndiye ninayewatibu hao kuku. Hakuna sindano ya homoni. Banda la kuku elfu moja, uwakamate mmoja mmoja uwachome, faida utaiona wapi? Broila anakua haraka kwa sababu ya mbegu: vizazi na vizazi wamekuwa wakichaguliwa wale wanaonenepa upesi, kisha wanapewa chakula kilichopimwa. Kama unataka kuogopa kitu, ogopa mfugaji anayewapa antibayotiki leo na kuwapeleka sokoni kesho bila kusubiri dawa itoke mwilini. Hilo lipo. Ila halimwoteshi mtu matiti.

#5 Mchumi wa Manzese

Daktari anatetea ugali wake, tumwelewe.

#6 Nesi Mstaafu

Baba wa Tabata, hongera kwa kumpeleka. Mwenzangu wa zahanati alisema kweli, ila alikosea mtu wa kumwambia. Mwenye kifua alikuwa amekaa hapo hapo.

Miaka 9 si mapema mno. Kwa msichana, matiti kuanza popote kati ya miaka 8 na 13 ni kawaida. Yakitangulia miaka 8, au akifika 13 hana hata dalili, hapo muone daktari. Kuanza upande mmoja nako ni kawaida, wa pili unafuata baadaye. Kinakuwa kama goroli chini ya chuchu, kinauma kikiguswa. Asikibonyeze, na nyie wakubwa msimwite kila jioni kumkagua. Mnunulie singlendi ya pamba avae ndani ya sare, mpira wa rede hautamuuma sana.

Halafu msichanganye matiti na hedhi. Kutoka kigoroli mpaka damu ya kwanza ni kama miaka miwili, mara nyingine mitatu. Katikati hapo ataota nywele, atarefuka mpaka viatu vimkatae, jasho litabadilika harufu. Miezi kadhaa kabla ya damu ataanza kuona uteute mweupe kwenye chupi. Huo ndio unaowatisha watoto, wanadhani wanaumwa, wanaficha chupi. Kwa hiyo nafasi unayo, ila si ya kulalia.

#7 Mzaramo wa Maneromango

Dada yako ana haki yake, usimpuuze. Kwetu Uzaramo jambo hili baba hana neno, shangazi ndiye mwenye mtoto. Binti akivunja ungo anawekwa ndani, anaitwa mwali, anakabidhiwa kungwi. Anapewa mwana hiti, kile kimwanasesere cha mti kisicho na mikono, anakiogesha, anakipaka mafuta, analala nacho. Anafundwa kujisafisha, kuongea na wakubwa, kukaa. Siku ya kutolewa ngoma inalia mtaa mzima unajua. Bibi yangu alikaa ndani miezi na miezi, alitoka mweupe kwa kukosa jua. Mimi nilikaa wiki mbili za likizo, ndiyo maisha ya siku hizi.

LAKINI. Mwali ni aliyevunja ungo. Mtoto wa goroli moja kifuani hana anachokwenda kufanya mkoleni, kule wanakofundwa wali. Mwambie dada yako kuna Mzaramo wa Maneromango kasema asubiri.

#8 Mwalimu wa Masasi

Mzaramo, nyie mnasubiri. Huku kusini hatusubiri. Unyago wetu ni chiputu, msondo, kila watu na jina lao, shule zikifungwa Juni na Desemba ngoma zinaanza, na wanaopelekwa wengine wana miaka 7, 8. Januari wanarudi darasani wana mambo ya ndoa kichwani, hesabu zimetoka zote.

Siwalaumu wazee. Zamani binti akitoka unyagoni alikuwa kweli anakaribia kuolewa, mafunzo ya unyumba yalikuwa na mahali pa kwenda. Leo anatoka unyagoni anarudi darasa la tatu. Na kujaribu kuurekebisha unyago hakukuanza na sisi. Askofu Vincent Lucas wa hapa Masasi, miaka ya 1920, hakuupiga marufuku, aliingiza jando la wavulana na malango, yaani unyago wa wasichana, ndani ya Kanisa. Karne nzima baadaye bado tunabishana aingie nani, na umri gani.

#9 Msema Ukweli

Mimi naona mnaharibu watoto. Miaka 9 aambiwe habari za damu? Mwache acheze. Mama zetu hawakuambiwa kitu na walizaa na kulea. Vitu vingine mwili unafundisha wenyewe.

#10 Mwalimu wa Masasi

Msema Ukweli, ngoja nikusimulie mwili ulivyomfundisha mmoja.

Darasa la tano, mtoto wa miaka 11, hodari, anakaa dawati la mbele. Kipindi cha tatu nikaita asimame ajibu, hakusimama. Nikarudia, akainamia meza. Kengele ya mapumziko wenzake wakatoka, yeye kabaki, sweta kalifunga kiunoni kwenye joto lile. Akatoka kwa kurudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Hakuonekana wiki tatu. Mwalimu wa kike alipokwenda kwao ndipo akasema: alidhani amekatwa na msumari wa dawati. Alikuwa anajiangalia kila siku kidonda kiko wapi, hakioni, na damu ilikata yenyewe siku ya nne, akajua kapona. Kilichomfanya asirudi ni kuogopa lile dawati.

Na mama yake alikuwepo, bibi alikuwepo, shangazi alikuwepo.

#11 Kijana wa Kona

Dah.

#12 Mama wa Mabinti Watatu

Mimi niliambiwa, tena na mama mwenyewe, lakini afadhali nisingeambiwa. Siku nilipovunja ungo alinitazama akasema sentensi moja: "Kuanzia leo mwanaume akikugusa, mimba." Akaendelea kuchambua mchele.

Kesho yake niko kwenye daladala la Gongo la Mboto, limejaa, mvulana wa sekondari kabanwa pembeni yangu. Kiwiko chake kimegusa mkono wangu kutoka Ukonga mpaka TAZARA. Nililia wiki nzima. Nilikuwa naamka usiku napapasa tumbo. Nilishachagua na jina.

Kwa hiyo wa kwangu watatu nimewafanyia hivi, kila mmoja alipofika kama umri wa wako. Jioni, jikoni, tuko wawili tu. Nafungua pedi moja, nambandikia kwenye chupi yake mwenyewe safi aone gundi inakaa upande gani (msicheke, wako wanaobandika gundi juu). Namimina juisi ya rozela kwenye kikombe, nampa kijiko cha chakula. Nasema, mwaga kimoja. Inanyonya. Mwaga cha pili. Inanyonya. Cha tatu. Namwambia, damu ya siku zote nne au tano ni kama hii, haimalizi mwili. Wa kati alibonyeza kwa kidole, akaangalia kidole, akaniuliza: "Ndiyo hii tu?" Ndiyo hii tu. Akanywa rozela iliyobaki.

#13 Nesi Mstaafu

Mama wa Mabinti, hiyo ya rozela ningekuwa kazini ningekuibia. Vipimo vyako viko sawa: hedhi ya kawaida ni mililita 30 hadi 80, kijiko cha chakula ni mililita 15. Akilowesha pedi nzima kila saa au saa mbili, hiyo si ya kuvumilia nyumbani, apelekwe. Waambieni pia kwamba miaka miwili ya mwanzo haina kalenda. Anaweza kupata Januari, akaruka Februari, akapata katikati ya Machi. Wazazi wengi hapo wanaanza kumpima mtoto mimba kwa macho.

#14 Ukhti wa Tanga

Sisi wa madrasa tulijua hedhi kabla ya kuiona, maana imo kwenye fiqhi, elimu ya sheria za dini. Kwa madhehebu ya Shafii haiwi hedhi kabla ya miaka 9 ya mwezi mwandamo, uchache wake mchana na usiku mmoja, wingi wake siku 15. Haswali, hafungi. Funga atalipa, swala halipi. Ikikatika anakoga josho. Ustadhi alikuwa anasomesha mlango ule huku kaangalia dari, sisi nyuma ya pazia tunaitikia kwa sauti moja. Mtihani nilipata kumi juu ya kumi.

Siku ilipokuja nilijua hukumu zote. Kitambaa kinakunjwaje, sikujua. Damu inatoka wapi, sikujua. Nilidhani ni ya tumboni, ya chakula.

#15 Kibibi wa Ng'ambo

Ukhti, wewe ulikosa somo, yaani mwanamke wa kukufunda. Hapa Unguja mama hasemi, na si kwamba hajui. Ni haya baina ya mama na mwana, na haya hiyo ina kazi yake: mtoto lazima awe na mtu mmoja anayeweza kumwuliza upuuzi wowote, na mtu huyo asiwe yule anayemchapa. Ndiyo maana mtoto alitafutiwa somo. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, wengi mnamjua kwa taarabu, lakini alikuwa pia mkubwa wa unyago, na huko hamkuingia nyinyi wenye ndevu.

Somo wangu alinikalisha juu ya mkeka, akanikunjia kitambaa mbele ya macho yangu, akakifumua, akanipa nikunje mwenyewe. Mara tatu. Kufua kwa maji baridi, maana ya moto yanagandisha damu. Kuanika juani, si chini ya godoro. Wasichana wanaoona haya wanaanika uvunguni, kitambaa hakikauki, wanavaa kibichi, wanapata muwasho, wanaona haya zaidi.

#16 Niko Muscat

Baba wa Tabata, mke wako namuelewa kuliko mtu yeyote humu. Mimi huu mwaka wa nne huku. Binti yangu alivunja ungo nikiwa jikoni kwa watu naosha masufuria, saa tano usiku huku, saa nne huko nyumbani. Bibi yake kanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanao mkubwa sasa." Sekunde sita. Nimeusikiliza mpaka leo sijaufuta. Ni kitu kimoja nilichotaka kumwambia kwa mdomo wangu na nikakikosa.

Usimpokonye mke wako hilo. Ila usimsubiri mpaka mwezi wa tatu. Mpigie simu ya video, mpe mtoto simu, wewe toka nje ukae huko huko.

#17 Baba wa Tabata

Asanteni sana. Niko Muscat, nimesoma mara mbili. Jumapili nafanya hivyo.

Dada yangu nimemfikishia salamu za Maneromango. Kauliza huyo Mzaramo ni wa ukoo gani. Halafu kaniongezea lake: eti mapema hii inaletwa na joto la Dar, watoto wa Pwani huwahi kuliko wa bara. Kweli?

#18 Mnyalu wa Mafinga

Hapana joto. Huku Mafinga asubuhi tunatoa moshi mdomoni na mabinti wanaanza miaka 10. Ni simu na tamthilia. Macho yanaona, mwili unafuata.

#19 Mchumi wa Manzese

Nawakumbusha kuhusu broila.

#20 Nesi Mstaafu

Mchumi, Ulaya karne ya 19 wasichana wengi walipata hedhi ya kwanza na miaka 16, 17. Leo huko huko ni 12, 13. Kushuka kulianza kabla broila hajazaliwa, wala simu. Lishe ilibadilika, magonjwa ya utotoni yakapungua. Mwili ukiwa na akiba ya mafuta ya kutosha unapata ujasiri wa kuanza, ndiyo maana mtoto mnene huwahi na mwenye utapiamlo huchelewa. Urithi nao umo, Baba wa Tabata muulize mkeo yeye alianza lini.

#21 Mchumi wa Manzese

Kwa hiyo ni chakula. Nilisema chakula kwenye bandiko la 3. Naomba radhi kutoka kwa Daktari wa Kuku.

#22 Daktari wa Kuku

Ulisema sindano. Hupati kitu.

#23 Ukhti wa Tanga

Mafuta ya kupaka na hizo losheni je? Mtoto wa jirani anapakwa ya mama yake tangu ana miaka mitano, na yeye kawahi.

#24 Mzaramo wa Maneromango

Kuna mengine mnayasahau. Hao bibi zetu "waliovunja ungo na miaka 16" nani aliwahesabia? Bibi yangu amezaliwa "mwaka wa nzige". Kitambulisho chake kaandikiwa na afisa aliyemkadiria kwa mvi. Tunalinganisha cheti cha kuzaliwa na nzige.

#25 Kijana wa Kona

Hahaha. Wakuu, nauliza kama mjinga: kwa nini "kuvunja ungo"? Ungo si wa kupepetea mchele?

#26 Kibibi wa Ng'ambo

Ungo hapo ni wa maungo, yaani mwili. Mwili wa kitoto umevunjika, unatoka mwengine.

#27 Mzaramo wa Maneromango

Sisi tuliambiwa ni ungo wa kupepetea kweli. Mtoto anapewa ungo achezee, akikua anauacha, umevunjika.

#28 Mnyalu wa Mafinga

Mimi nilisikia ni ungo wa wachawi, ukivunjika huruki tena.

#29 Mwana Mvita

Nyote mwabuni. Hata hivyo, nataka kuwauliza Watanganyika: mbona mwasema "pedi" na "taulo za kike" na neno lipo? Sisi Mombasa na Kenya nzima twasema sodo. Ni kile kitambaa alichokunjiwa Bi Kibibi, jina likahamia kwa hizi za dukani.

Sodo kwetu ni siasa tena. Kodi ya VAT iliondolewa mwaka 2004. Mwaka 2017 ikatiwa saini sheria kuwa serikali iwape wasichana shuleni bure. Shule ya mpwa wangu katoni ilifika muhula mmoja, muhula uliofuata ikafika kalenda yenye picha ya katoni. Na Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti na doa jekundu kwenye suruali nyeupe, akatolewa nje. Siku ile baba yangu, mzee wa miaka sabini, ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akilitamka neno hedhi nyumbani. Alikuwa akitukana habari.

#30 Mchumi wa Manzese

Hapo kwenye kodi mimi nipo. Sisi bajeti ya 2018 VAT kwenye taulo za kike ikafutwa, bajeti ya 2019 ikarudishwa. Hoja ya serikali: bei haikushuka, mlaji hakufaidika.

#31 Mama wa Mabinti Watatu

Na iliporudishwa ikapanda? Mimi nina mabinti watatu na mimi wa nne, naomba mnihesabie pakiti. Kodi ikitoka bei inakaa, kodi ikirudi bei inasogea. Mchumi, hiyo inaitwaje kichumi?

#32 Mchumi wa Manzese

Inaitwa Kariakoo.

#33 Baba wa Tabata

Mrejesho wakuu.

Jumamosi nilikwenda kwa Mangi kununua pedi, kwa ajili ya ile somo la rozela na ya akiba. Nilisubiri wateja waishe. Wakaisha, akaja mama mchungaji. Nikanunua kiberiti. Nikazunguka nyumba, nikarudi, nikasema. Mangi hakuniangalia usoni, kaifunga kwenye gazeti, kurasa mbili, kisha akaongeza ya tatu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 hana ile rambo nyeusi ya kuficha. Nikatembea mtaani na kifurushi kama nimebeba samaki.

Jumapili saa mbili usiku nikampa mtoto simu, mama yake hewani, nikatoka kukaa barazani kama alivyoshauri Niko Muscat. Nasikia wanacheka. Kisha kimya. Kisha mama anaongea peke yake, sauti ya chini. Nikasema Alhamdulillah, yamekwisha.

Mlango ukafunguliwa. Mtoto kasimama na simu mkononi: "Mama amesema itatoka damu, halafu amekatika."

Bando limeisha. Nakimbilia vocha, kwa Mangi kumefungwa. Na mtoto macho yamemtoka, hawezi kulala na neno hilo peke yake. Basi nikamkalisha barazani hapo hapo. Nikamwambia maneno ya Nesi, hata mpangilio sikubadilisha: goroli, nywele, kurefuka, jasho, uteute, damu. Nikamwambia ndani ya tumbo la chini kuna mfuko wa uzazi, kila mwezi ukuta wake wa ndani unanenepa ukijiandaa, mimba isipokuwepo unabomoka na kutoka. Si kidonda, si ugonjwa. Akauliza, "Na wewe baba inakutoka?" Hapana. "Kwa nini?" Sina huo mfuko. Akafikiri. "Pole." Kaenda kulala.

Mama yake kapata hewa asubuhi, kalia, kisha kanigombeza, kisha kauliza nilisemaje, neno kwa neno.

#34 Niko Muscat

Angenigombeza na mimi. Lakini atakaporudi bado yapo ya kwake, usimalize yote.

#35 Mama wa Mabinti Watatu

Nimecheka kiberiti na pole. Usisahau kumwambia na hili, tena leo: mwili wake una majina, autaje kwa majina, na mtu yeyote akimgusa pasipofaa au akimwambia "iwe siri yetu" aje kwako mbio, hata akiwa mjomba, hata akiwa mwalimu. Matiti yakianza, macho ya mtaani nayo yanaanza.

#36 Mwalimu wa Masasi

Nakazia. Hata akiwa mwalimu.

#37 Msema Ukweli

Bado naona mlimwahi. Mtoto anayesema "pole" ni mtoto.

#38 Kibibi wa Ng'ambo

Na mimi bado nasema atafutiwe mwanamke. Baba kafanya vyema kwa dharura, lakini kitambaa hatomkunjia. Kuna jirani hapo? Bibi wa msikitini?

#39 Mnyalu wa Mafinga

Kwani kukunja kunahitaji nini? Mimi nimelea mabinti wawili peke yangu tangu mama yao afariki. Pakiti ina picha nyuma, nikasoma maelekezo kama ya mbolea. Wakubwa sasa, mmoja ameolewa, hakuna aliyenilalamikia.

#40 Baba wa Tabata

Wakuu, la mwisho kabla dada hajafika, kanipigia yuko kwenye gari Pugu, anakuja "kuongea na mtoto kistaarabu".

Ile pakiti niliiweka kabatini kwa mtoto, juu, nikamwambia ni ya siku hiyo. Leo nimefungua kutafuta soksi, nimekuta imechanwa, zimepungua mbili. Moyo ukaruka, nikadhani tayari. Nimeziona chini ya kitanda. Kazibandika pamoja, kazitandika, kamlaza mdoli wake juu, kamfunika kwa leso. Nimemuuliza, kasema "godoro lake lilikuwa gumu."

#41 Msema Ukweli

Nilisema nini?

#42 Mzaramo wa Maneromango

Mwana hiti huyo! Baba wa Tabata, dada yako akiingia mwonyeshe hapo chini ya kitanda kabla hajakaa. Halafu mwambie ukoo wangu nitamtajia mwenyewe.